Mpiga Radi na Ng'ombe wa Joka

Jumamosi, 21 Juni 2025. Kihesa, Iringa.

Wamenikataa tena! Nimerudi chumbani, nimejifunika blanketi mpaka masikioni, baridi ya Juni inapita chini ya mlango, na nina hasira za kutosha kuchemshia chai.

Nieleze, kwa faida ya atakayesoma shajara hii nikishakuwa maarufu. Kila Jumamosi tunacheza mchezo wa kusimulia, mezani kwa Lea. Lea ndiye Msimulizi. Anatuambia tumefika wapi na tumekutana na dubwana gani, sisi tunasema tunafanya nini, dadu linaamua. Kila mchezaji ana mhusika wake, na kila mhusika ana kazi: Askari, Mganga, Mwindaji. Hizo zimo kitabuni. Ukitunga yako mwenyewe tunaiita kazi ya kienyeji, kama kuku. Nkuba alitunga Mchunga Ng'ombe, anayepigana bega kwa bega na dume lake aitwaye Mabula, na watu wakapiga makofi. Mimi nikileta ya kwangu, kila mtu anatafuta simu yake.

Leo nilileta Mpiga Radi. Anaita radi, anamtaja adui kwa jina, adui anakuwa mkaa. Basi. Kazi safi, inaeleweka. Nkuba anafundisha hesabu sekondari na hawezi kulisahau jambo hilo hata Jumamosi. Akachukua kalamu, akapiga wastani, akatangaza kwamba Mpiga Radi ana nguvu kuliko sisi wote tukijumlishwa, pamoja na Mabula. Nikasema hiyo ndiyo maana ya radi. Hakuna aliyecheka. Hata Amos, rafiki yangu tangu tukiwa watoto, aliangalia dari.

Lea akasema, kwa upole (upole wake ndio unaouma), kwamba ananipa nafasi ya mwisho. Nimrekebishe Mpiga Radi. Akiharibu mchezo wa Mbeya, tutakapokwenda mwezi ujao kucheza na meza ya kule, kiti changu anapewa Anjela. Huyu Anjela anakuja kila wiki, anakaa kwenye kochi anafuma sweta, anasubiri mmoja wetu afe au ahamishwe kikazi. Leo alinitazama kwa huruma. Naijua huruma ile. Ni ya fundi anayekupimia jeneza.

Jumamosi bila meza ile sina pa kwenda. Hilo naliandika hapa tu.

Jumapili, 22 Juni

Kanisani. Mahubiri sikuyasikia. Nilikuwa na kitabu cha sheria za mchezo ndani ya kitabu cha nyimbo, na kwaya ilipoanza ubeti wa pili nikauona mwanga.

Sura ya mizani! Nguvu kubwa inaruhusiwa ikiwa mhusika amebeba udhaifu mkubwa unaolingana nayo. Nimesoma sura nzima. Hakuna mahali palipoandikwa kwamba udhaifu huo lazima utokee!

Nkuba, na hesabu zake zote, hilo hakuliona. Udhaifu wa Mchunga wake ni kwamba hawezi kumwacha dume lake. Mjinga. Udhaifu wa kweli kabisa, unamtesa kila wiki. Mwaka jana tulikaa Jumamosi nzima tukimvusha mtoni ng'ombe asiyekuwepo, na wenzangu walifurahi kama wanalipwa.

Mimi nitaandika udhaifu wa kutisha kwenye karatasi, ambao mezani hautaonekana mpaka kiyama. Nikaimba ubeti wa mwisho kwa sauti kubwa. Mzee wa kanisa akaniangalia kwa furaha, maskini.

Jumanne, 24 Juni

Kazini, steshenari. Mama mmoja alileta vyeti vya kutolea kopi, nikamtolea upande wa nyuma tu. Amelalamika. Bosi amesema akili yangu haiko hapa. Kweli haiko. Inatafuta udhaifu.

Kuogopa moto? Hapana, majoka yanatema moto. Kuogopa giza? Lea atazima taa siku ya kwanza. Kutojua kuogelea? Tutakutana na ziwa, namjua.

Saa sita akapiga simu shangazi Devotha wa Kilolo. Hakuuliza hali. Aliuliza lini nitampeleka mkwe nyumbani, maana anazeeka. Anauliza hivyo kila akipiga. Nina miaka thelathini na sita, na mimi mwenyewe mkwe sijawahi kumwona hata kwa mbali. Nikaanza kumjibu vibaya, nikanyamaza katikati. Mkwe!

Nimeandika hapohapo, nyuma ya kopi iliyoharibika: Mpiga Radi hawezi kumwinulia mkono mkwe wake, hawezi kumtazama usoni, hawezi kutamka jina lake. Nani katika nyanda hizi atasema huo si mzigo? Marehemu baba alikuwa akimwona mama mkwe wake anakuja, anaingia kwenye mahindi mpaka apite. Udhaifu mzito!

Na Mpiga Radi ni mjane. Mke amefariki. Wazazi wa mke wamefariki. Mjomba wa mke nimemwua pia, kwa usalama. Nilimshukuru sana shangazi. Alidhani ni kwa ushauri.

Alhamisi, 26 Juni

Amos alikuja kunisaidia kupima. Yaani alikuja kula mihogo yangu, nikamlazimisha apime. Tulirusha dadu kwenye sinia. Mizani bado haikukaa sawa, radi ilizidi kidogo. Amos akashauri niipunguze radi. Rafiki gani huyu?

Nikapekua kitabu. Kuwa na mtu anayekutegemea nako ni udhaifu, kunahesabiwa. Vizuri sana! Nikamwandikia Mpiga Radi binti, aliyeachwa kwa bibi yake mzaa baba huko milimani. Simtaji tena. Amos akauliza binti ana umri gani. Nikafikiria kwa makini. Akiwa mdogo, Lea atamfanya augue, nitarudishwa nyumbani katikati ya vita. Nikaandika: msichana mkubwa, mzima wa afya, anajua kupika, hana shida yoyote. Mizani ikakaa sawa kabisa!

Nimeongeza na sheria moja ya kujikinga, maana Lea ana tabia ya kukukatiza ukiwa karibu kushinda: radi ikishaitwa hairudi, lazima itajiwe jina na lazima impige aliyetajwa. Hapo hakatizi mtu.

Jumamosi, 28 Juni

Imepita! Imepita! Imepita!

Nkuba alipiga hesabu upya, akarudia, akasema namba zinalingana. Nilimwona anavyotafuta kosa. Hakulipata. Akanipa mkono, tena kwa furaha, kujionyesha muungwana mbele ya watu.

Lea alisoma karatasi yangu polepole. Alipofika kwa mkwe akatabasamu. Alipofika kwa binti akaacha kutabasamu, akafunika mdomo. Kaguswa, nadhani. Akauliza jina la binti. Nikasema hana. Akasema msichana mkubwa hivyo, mpishi, hawezi kukosa jina, akamwandika Tumpe. Sikubishana. Hata angemwita Ndoo, sawa tu.

Akasema karatasi zetu anazituma Mbeya kwa Tusekile, Msimulizi wa meza ya kule, ili ajiandae. Tunakwenda wikiendi ya Sabasaba, meza mbili zicheze pamoja. Kazi ya kienyeji itakayowapendeza wote itaingizwa kwenye kijitabu cha pamoja, na jina la mtunzi. Nkuba amesema yeye hashindani, Mabula anamtosha. Maneno ya mtu anayejua ameshindwa.

Anjela alikunja sweta lake, akauliza kama Mbeya kuna baridi. Nikamwambia yeye haimhusu.

Ijumaa, 4 Julai. Mbeya.

Tumefika. Anjela naye amekuja! Eti kuangalia.

Tuliposimama njiani, upande wa Usangu, ndugu yake Nkuba alikuwa anatungoja na maziwa mgando kwenye kidumu. Kwao ni wafugaji, walihamia huko kutoka Usukumani. Wote wakanywa, wakasifia. Nikanywa na mimi, bila kusifia. Basi Nkuba akaanza kusimulia jinsi dada yake alivyoolewa. Alfajiri moja waliamka wakakuta ng'ombe wa upande wa bwana harusi wameletwa nyumbani. Mjomba wake akawatazama, hakusema neno, akawaingiza, akafunga zizi. Kufunga zizi ndiyo ilikuwa "ndiyo" yenyewe. Baada ya hapo hata wangebadili mawazo, binti ameshaozwa.

Watu wakasikiliza midomo wazi. Mimi nilikuwa narudiarudia kimoyomoyo jinsi nitakavyoita radi. Nikamuuliza kama simulizi ina mwisho. Akasema imekwisha. Afadhali.

Jumamosi, 5 Julai. Mbeya.

Nitaandika kama ilivyokuwa, watu wa baadaye wahukumu.

Sebuleni kwa Tusekile, mtaa wa Soweto. Jiko la mkaa mlangoni, chai ya tangawizi, ndizi za kuchoma, watu wamekaa mpaka kwenye mikono ya makochi. Tusekile ni mama mnene, mpole, anaongea kwa sauti ya kubembeleza mtoto. Ningeogopa sauti ile mapema.

Akatupeleka kwenye ziwa lililo juu ya mlima, kwenye ukungu. Humo linaishi joka Lingondo. Limeshaua wengi. Nikapasha viganja moto. Siku yangu!

Kabla ya vita, akasema Tusekile, kwenye ukungu wanatokea wajumbe wanaswaga ng'ombe. Kundi! Weupe, wanono, kengele shingoni. Wajumbe wanasema Lingondo anawaleta hawa kwa Mpiga Radi, mzee wa heshima, ikiwa anawapokea.

Nkuba akaweka kikombe chini. Akaniambia, nje ya mchezo kabisa, kaka Anord, uliza kwanza hao ng'ombe ni wa nini. Wivu! Yeye ana dume mmoja miaka yote, mimi nimekuja na kundi siku ya kwanza. Amos akakohoa mpaka chai ikamwagika. Nikawaambia wote kwamba adui akikuogopa ndivyo anavyofanya, na kwamba nawapokea.

Tusekile akauliza taratibu kama nawaingiza zizini.

Nikasema nawaingiza. Nafunga zizi. Naweka na kufuli.

Wanawake wa Mbeya wakapiga vigelegele. Nilidhani ni vya kwangu. Niliinama kidogo kuwashukuru.

Basi joka likatoka majini. Nikasimama, nikanyoosha mkono, nikaita radi. Mawingu yakakusanyika. Nikafungua mdomo nitaje jina, na Tusekile akainua kidole, akasema joka limepiga magoti, limeinamisha kichwa mpaka kwenye matope, linasema:

"Shikamoo, baba."

Na mdomo wangu mwenyewe ukajibu "Marahaba" kabla sijauzuia. Malezi!

Nyumba ililipuka. Amos alishuka kwenye kiti akakaa sakafuni, analia. Lea akafunua karatasi yangu mwenyewe, kwa mwandiko wangu mwenyewe, akasoma kwa sauti kwamba Mpiga Radi ana binti, msichana mkubwa, mzima wa afya, anajua kupika. Wale ng'ombe ni mahari ya Tumpe. Lingondo ni mkwe wangu.

Nilipigana kwa sheria. Nikasema Tumpe hajaulizwa. Tusekile akasema ameulizwa mwezi uliopita na amekubali, mwanaume ana ziwa lake mwenyewe. Nikasema mkwe ni mzazi wa mke tu. Mama mmoja akaniuliza kwa mshangao wa kweli, huko kwetu Iringa mume wa binti yako unamwitaje. Nikasema basi narudisha ng'ombe. Nkuba, akijifuta machozi, akanikumbusha kufuli.

Siwezi kumwinulia mkono. Siwezi kumtazama. Siwezi kutamka jina lake. Na juu radi inanguruma, ninayo mkononi.

Hapo Lea akaacha kucheka. Akasoma mstari wa mwisho: ikishaitwa hairudi, lazima itajiwe jina. Akaniuliza nataja nani.

Ningeweza kujitaja mwenyewe. Naandika hapa kwa sababu hakuna anayesoma: nililiwaza hilo, nililiwaza vizuri kabisa, na muda ulitosha. Halafu nikamwona Nkuba bado ana machozi ya kicheko kwenye mashavu.

Nikasema Mabula.

Nkuba aliitazama karatasi yake. Akaomba kifutio, akamfuta dume lake taratibu, herufi moja moja, akapuliza vumbi la kifutio lisibaki mezani kwa mwenyeji. Miaka mitatu ya Jumamosi. Mabula lilikuwa jina la ng'ombe wa babu yake, kumbe, alishatuambia, mimi nilikuwa nahesabu pointi. Akatoka nje akasimama bombani.

Nikasema jamani, ni ng'ombe wa kufikirika tu. Tusekile akanimiminia chai bila kuniangalia.

Jumapili, 6 Julai. Njiani, kurudi Iringa.

Wamepiga kura asubuhi. Meza ya Mbeya imeupenda sana udhaifu wa mkwe, wanasema hawajawahi kucheka hivyo. Unaingia kwenye kijitabu na utakuwa sheria ya wahusika wote. Radi imetolewa. Yaani wamechukua ganda wakatupa ndizi! Na jina la mtunzi? Wameandika "meza ya Iringa".

Stendi, Lea alinivuta pembeni. Alisema kazi haikuharibu mchezo. Mimi ndiye niliyeuharibu, kwa neno moja. Kiti ni cha Anjela kuanzia wiki ijayo. Nikasema sawa, kwa sauti ambayo sikuitambua. Akaendelea kueleza kwamba kisa kijacho kitaanzia kwenye harusi ya Tumpe na Lingondo, ngoma siku saba mchana na usiku, na maadui watajichanganya na wageni waalikwa. Nilimsikiliza nusu nusu. Nilikuwa natafuta soksi yangu ya pili kwenye begi ili nisimtazame.

Nkuba amenisalimia vizuri, ameniuliza nimelalaje. Angenitukana ningepumua.

Niliona aibu. Ndiyo, aibu, naandika neno lenyewe. Ilidumu mpaka Makambako. Baada ya hapo nikaona hasira, na hasira naivaa vizuri zaidi, imenikaa muda mrefu.

Alhamisi, 10 Julai

Nimejitoa kwenye grupu la WhatsApp la wachezaji kuwatia adabu. Hakuna aliyeuliza. Nimemuuliza Amos kama wameona. Akasema wameona.

Shangazi Devotha amepiga, swali lilelile. Nilikuwa nimechoka. Nikamwambia mkwe nimempata, wa Mbeya, ana ziwa lake. Alipiga kigelegele mpaka simu ikakwaruza, akakata aanze kuwapigia ukoo. Sikuwa na nguvu za kufafanua.

Amos alikuja jioni. Akasema tatizo langu ni dogo na dawa ninayo: nina zizi zima la ng'ombe wa mahari, nimpe Nkuba mmoja, nimwombe radhi, yaishe. Nkuba ni mtu wa ng'ombe, atapokea. Nikamwambia nitafikiria. Akasema nisifikirie, nikampe. Akaondoka bila hata kula.

Jumamosi, 12 Julai

Sikwenda kwa Lea. Nilipita tu njia ya kwake, mara kadhaa. Dirisha lilikuwa wazi. Anjela alikuwa kwenye kiti changu, amevaa lile sweta, na wote walikuwa wanacheka kuhusu jambo ambalo mimi sitalijua. Sikufikiri kitu kama hicho kinaweza kuuma kwenye mwili wa mtu, lakini kinauma, hapa chini ya mbavu. Nilikuwa nageuka kurudi Lea akanitokea mlangoni.

Akasema harusi haijaanza, na haiwezi kufungwa bila baba wa bi harusi. Kiti hakuna. Kipo kigoda karibu na mlango, nikitaka, kuanzia Jumamosi ijayo. Akaongeza kwamba Nkuba ndiye aliyesema niitwe.

Nkuba!

Nilitembea mpaka nyumbani. Nikaketi, nikachukua karatasi safi, nikaandika juu: ng'ombe mmoja, mweupe, kwa Nkuba, kutoka kwa Anord, kwa ajili ya Mabula. Nikaitazama. Ilikuwa nzuri.

Halafu nikakumbuka kwamba utajiri wa mifugo unahesabika kwenye mizani. Kundi lote, likiwa kamili, lina uzito wa ajabu. Likipungua mmoja, halifiki.

Basi karatasi ile nimeigeuza. Upande wa pili nimetunga kazi mpya, Mwenye Zizi, nguvu zake zinatisha, Nkuba mwenyewe atashika kichwa. Kigoda leo, kiti kesho. Mkwe nimemwondoa, hanipati tena. Binti nimemwoza, hanihusu. Kilichobaki ni udhaifu mpya wa kusawazisha, na huu nimeufikiria jioni nzima, sikutaka haraka kama mara ile. Nimeuandika kwa wino mwekundu: akisikia ngoma au kigelegele, nguvu zote zinamwishia mpaka kesho yake.

Mzito, unatisha, na hauwezi kutokea. Nani amewahi kupiga ngoma vitani? Tena tunaanzia harusini, mahali pa amani, nitakuwa salama kabisa.